Nusu kaputi ya pili

"Daktari, ataamka kweli?" Wazazi wanaoleta watoto kukatwa mafindofindo huuliza hivyo kwa sauti ya chini, pale mlangoni mwa thieta, fomu ya ridhaa ikiwa imeshatiwa saini. Mimi ni muuguzi niliyesomea usingizi, si daktari, ila mlangoni pale kila aliyevaa kijani ni daktari na nimeshaacha kusahihisha. Namjibu kwamba ataamka. Halafu, muda ukiwepo, namweleza jambo ambalo hakulitarajia: usingizi wa asubuhi hii haunisumbui sana. Unaonisumbua ni ule ambao huenda nikalazimika kumpa mtoto huyohuyo usiku wa leo au wiki ijayo, tumbo lake likiwa limejaa damu aliyoimeza.

Siku hizi kuna swali la pili, la wazazi waliokesha na simu zao: "Mtatumia dawa gani ya nusu kaputi? Nimesoma kuna zinazofanya mtoto atoke damu sana." Swali hilo nalipenda kuliko la kwanza. Jibu lake halienei mlangoni, kwa hiyo nalitoa hapa.

Kwanza tuelewane tunakata nini. Mafindofindo ni vinyama viwili vilivyokaa kulia na kushoto mwa koo, nyuma ya ulimi, na mara nyingi hukatwa pamoja na zile nyama za pua, zilizojificha juu zaidi, pua inapoishia. Zamani watoto wengi walikatwa kwa sababu ya koo kuugua kila mara. Kipimo kinachotumiwa na madaktari wengi hadi leo kilitokana na utafiti wa Jack Paradise na wenzake kule Pittsburgh, Marekani, uliochapishwa mwaka 1984: koo liwe limeugua mara 7 ndani ya mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka 2 mfululizo, au mara 3 kila mwaka kwa miaka 3. Chini ya hapo ni heri kusubiri, maana wengi hupona wakiendelea kukua.

Lakini wengi ninaowapokea mimi shida yao ni usiku. Mtoto anakoroma mpaka chumba cha pili wanasikia, pumzi inakatika, mama anakaa macho akisubiri, kisha mtoto anashtuka na kuvuta hewa kwa nguvu. Mtoto wa namna hii amezoea kulala na oksijeni pungufu, na dawa za maumivu za jamii ya mofini humlemea haraka. Dozi ambayo mwenzake anaivumilia, yeye inaweza kumwachisha kupumua. Kwa hiyo kabla hata hatujafika kwenye damu, kukoroma kumeshaniamulia jambo moja: mofini yake naikata nusu, na wakati mwingine siigusi kabisa.

Wengine wamepita kwa mkata kimeo kabla ya kutufikia. Kimeo si findo. Ni kile kinyama kinachoning'inia katikati ya koo, na huku kwetu kinabebeshwa lawama ya kila kikohozi kisichoisha. Hukatwa bila ganzi, kwa kifaa ambacho pengine jana kilikuwa kwenye koo la mtoto mwingine, na wapo wanaoletwa hospitali viganja vikiwa vyeupe kwa kupoteza damu. Akina mama hawapendi kukiri. Mara nyingi najua mwenyewe nikishamulika kinywa na kukuta pale katikati pako patupu. Jambo lenyewe nalichukia, ila nikishaliona nalitumia: mtoto aliyekatwa kimeo na damu ikakata upesi ameshanipa habari ambayo maabara isingenipa kwa urahisi.

Maana habari za damu hupatikana zaidi kwa maneno kuliko kwa sindano. Vipimo vya kuganda kwa damu, kwa mtoto asiye na historia yoyote, havikwambii sana nani atavuja. Maswali ndiyo yanayosaidia. Alipotahiriwa, damu ilichukua muda gani kukata? Jino lilipong'oka je? Huamka mto una damu ya pua? Na kwa mama namuuliza hasa kuhusu kaka zake, kwa sababu hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda, hupitia kwa akina mama na kujitokeza kwa wanaume. Mjomba wa mtoto ni shahidi mzuri kuliko baba yake mdogo. Nimewahi kuona baba akikasirika kwamba nauliza habari za ukoo wa mke wake kana kwamba wa kwake si ukoo.

Selimundu nayo haiachwi nje, hasa Kanda ya Ziwa. Watoto wenye selimundu huwa na mafindofindo makubwa mara nyingi, na hao hawatakiwi kukaa na kiu tangu alfajiri, wala kupigwa baridi, wala kupungukiwa oksijeni hata kidogo. Nao ndio haohao wanaopangwa mwisho kwenye orodha kwa sababu majibu ya damu yamechelewa kutoka maabara. Hilo sijalizoea na sitalizoea.

Na kuhusu kufunga: uji ni chakula. Naomba bibi wote waliobaki nyumbani na mtoto wasome sentensi hiyo mara mbili. Chakula na maziwa ya ng'ombe ni saa 6 kabla ya usingizi, ziwa la mama saa 4, maji matupu anaweza kunywa hadi saa 2 kabla. Mtoto aliyekunywa uji saa 12 asubuhi hapewi usingizi saa 2, hata mkiapa kwamba ulikuwa mwepesi.

Sasa hesabu, kwa sababu bila hesabu neno "damu kidogo" linadanganya. Mtoto ana takriban mililita 75 za damu kwa kila kilo ya uzito. Wa kilo 15 ana lita moja na kidogo, yaani chupa tatu za soda za mililita 350 na mabaki. Basi, yote hiyo. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilipofanyiwa majaribio katika hospitali nane duniani, mojawapo ilikuwa St. Francis ya Ifakara, hapa kwetu, pamoja na nyingine za Toronto, London, Seattle, New Delhi, Manila, Amman na Auckland. Matokeo yalitoka mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Ndani ya orodha ile kuna swali linaloulizwa kabla mgonjwa hajapewa usingizi: je, kuna hatari ya kupoteza zaidi ya mililita 500 za damu, au mililita 7 kwa kila kilo kama ni mtoto? Kwa huyu wa kilo 15 ni mililita 105, chini ya theluthi ya chupa moja. Mtu mzima akienda kuchangia damu anatoa mara nne ya hiyo na kurudi kazini.

Na mtoto ana tabia ya kuficha. Mapigo yanapanda, mikono inapoa, anatulia kuliko kawaida yake, lakini presha inabaki ileile inayopendeza kwenye kioo cha mashine. Presha ikishuka, ujue amevumilia kwa muda mrefu na sasa ameshindwa. Ndiyo maana muuguzi anayeniambia "presha iko vizuri" namuuliza vidole vya miguu vikoje.

Findo hupokea damu kutoka matawi ya mishipa kadhaa, na pembeni yake kuna mshipa wa kurudisha damu ambao madaktari wa koo wanaufahamu kwa uchungu, maana ndio unaovuja mara nyingi. Tena kidonda hakishonwi kama cha tumbo. Kinaachwa wazi kipone chenyewe, ndani ya kinywa kinachomeza, kukohoa na kulia. Ukilielewa hilo, suala la dawa ya usingizi linakaa mahali pake.

Dawa sasa. Halotheni, gesi ya kuvuta, ndiyo iliyotulea wengi wetu. Ilianza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1956 kule Manchester, Uingereza, na ilifika hadi hospitali za wilaya kwa sababu ni nafuu na mtoto huivuta bila kukohoa. Ubaya wake kwenye kazi hii ni kwamba huufanya moyo uwe mwepesi kushtuka mbele ya adrenalini. Daktari wa koo hupenda kuchoma adrenalini kidogo kuzunguka findo ili mishipa ijikaze, pakauke, aone anachokata. Ukichanganya na halotheni, na hewa ukaa iliyopanda kwa sababu mtoto anapumua mwenyewe kwa ulegevu, mapigo yanaanza kuruka. Na adrenalini ina jambo jingine: ikiisha nguvu, mishipa iliyokuwa imejificha hufunguka. Pakavu pa saa 4 asubuhi si lazima pawe pakavu saa 7 mchana.

Sevoflureni haina tatizo hilo la moyo kwa kiwango kile, na mtoto hulala kwa kuvuta pumzi chache, hata akiwa amepakatwa. Ni ghali, na mashine yake haipo kila mahali. Akiamka, baadhi huamka na vurugu: anarusha miguu, anapiga kelele, hamtambui hata mama yake kwa dakika kadhaa. Kwa mtoto aliyefanyiwa ngiri ni usumbufu tu. Kwa mwenye kidonda kibichi kooni, kila kilio kinapandisha shinikizo kwenye ule mshipa wa pembeni niliousema.

Propofoli hupitia kwenye mshipa, nyeupe, na inachoma ikiingia. Anayeamka kutoka kwenye propofoli mara nyingi huamka ametulia na hatapiki sana. Kwenye upasuaji wa matundu ya uso, ule wa ndani ya pua, zipo tafiti zilizoona damu kuwa kidogo ukimlaza mgonjwa kwa propofoli badala ya gesi, kwa kuwa gesi hulegeza mishipa. Kwenye mafindofindo ya watoto faida hiyo si kubwa kiasi cha mimi kumwambia mzazi auze mbuzi akanunue dawa. Naitumia ikiwepo, hasa mwishoni, dozi ndogo ya kumfanya aamke bila fujo.

Ketamini, dawa nyingine ya mshipani, nitaisema baadaye, kwa kuwa ina zamu yake.

Basi jibu la mzazi wa simu ni hili: gesi zinalegeza mishipa, ni kweli, lakini tofauti kati ya dawa na dawa ni ndogo kuliko tofauti kati ya mkono na mkono. Kinacholeta damu ni hewa ukaa iliyoachwa ipande, mtoto aliyelala nusu akajikaza, kikohozi cha wakati wa kutoa mpira wa kupumulia, kutapika, kilio. Mtu wa usingizi anaweza kuvizuia vyote hivyo kwa halotheni na akavisababisha vyote kwa sevoflureni.

Nikuoneshe dakika moja tu ya kazi yenyewe. Mtoto amelala, mpira wa kupumulia umepita kinywani hadi kwenye bomba la hewa, nimeubandika katikati ya mdomo wa chini. Daktari anaingiza chuma cha kupanulia kinywa, chenye ulimi wa chuma unaokandamiza ulimi wa mtoto, na anaanza kukifungua kwa meno yake ya chuma, jino kwa jino. Mpira wangu umelala chini ya chuma kile. Mkono wangu uko kwenye mfuko wa hewa, na ghafla mfuko unakuwa mgumu, haubonyei. Kifua hakipandi. "Daktari, legeza." Analegeza meno mawili, mfuko unalainika, kifua kinapanda, tunaendelea. Hakuna aliyeongeza neno. Ndiyo sababu kwenye hospitali yenye mtu mmoja wa usingizi napendelea mpira kuliko ile maski ya kukaa kooni, ingawa Uingereza wapo wanaoitumia sana kwenye kazi hii na wanaiweza.

Kumaliza ndiko kugumu. Damu hujikusanya kwenye uwazi ulio nyuma ya kimeo, juu, mahali ambapo macho hayafiki ukiangalia moja kwa moja. Donge la damu likibaki pale, mtoto akitolewa mpira linaweza kudondoka na kuziba njia ya hewa. Waingereza wamelibatiza jina la afisa anayechunguza vifo vya ghafla, na hawakulibatiza kwa mzaha. Kwa hiyo mashine ya kunyonya inapita huko nyuma, mbele ya macho yangu, na shashi iliyowekwa kooni inahesabiwa kwa sauti.

Kisha kuna ubishi wa zamani: umtoe mpira akiwa bado usingizini, asikohoe, au umsubiri aamke, akohoe lakini ajilinde mwenyewe? Nimesikia hoja za pande zote. Penye chumba cha kuamkia chenye muuguzi mmoja kwa kila mtoto, kumtoa usingizini ni sawa. Penye muuguzi mmoja kwa vitanda vitano na simu ya wodini inayoita, mimi namsubiri aamke. Namlaza ubavu, kichwa chini kidogo, ili damu ikitoka itoke mdomoni ionekane, isiteremke tumboni. Mara nyingi bibi yake huja akamnyanyua na kumweka mto. Tunamlaza tena.

Na kanula, kile kimpira cha kupitishia dawa mshipani, haitolewi. Mtoto analalamika, mama anaomba, lakini kanula inabaki mkononi mpaka anaondoka wodini.

Kuna dawa moja ambayo historia yake inafundisha jinsi mambo haya yasivyo mepesi. Deksamethasoni, dozi moja tu wakati wa upasuaji, hupunguza kutapika na maumivu, mtoto anaanza kunywa mapema. Mwaka 2008 watafiti wa Geneva, Uswisi, walichapisha utafiti wa watoto 215. Kutapika kulipungua kama ilivyotarajiwa, lakini damu ikaongezeka hasa kwa dozi kubwa, wakausimamisha utafiti kabla ya mwisho. Watu wa usingizi duniani walishtuka. Wengine waliiacha dawa siku ileile. Mwaka 2012 ukatoka utafiti mwingine, wa Marekani, wa watoto 314 ambao damu ndiyo ilikuwa swali lake kuu tangu mwanzo, na haukuona kwamba dawa ile inaongeza uvujaji mkubwa. Leo miongozo inaipendekeza. Mimi naitoa, dozi moja, na simlaumu aliyeiogopa mwaka 2008, kwa sababu alikuwa anafuata kilichokuwa mezani.

Uingereza nako walijifunza kwa gharama. Mwaka 2001, kwa hofu kwamba ugonjwa wa ng'ombe wazimu ungeweza kuambukizwa kupitia vyuma vya upasuaji, serikali iliagiza mafindofindo yakatwe kwa vifaa vya kutumia mara moja na kutupa. Vifaa vilikuwa duni, damu ikaongezeka, na kabla mwaka haujaisha agizo likaondolewa. Baadaye walikagua wagonjwa 33,921 waliokatwa mafindofindo kati ya 2003 na 2004 huko England na Ireland Kaskazini. Asilimia 3.5 walivuja damu, na chini kidogo ya asilimia 1 walirudishwa thieta. Waliokatwa kwa vifaa vya umeme na joto walivuja zaidi ya waliokatwa kwa chuma baridi na kufungwa kwa uzi. Ukisoma hayo unaona kwamba mkono wa daktari wa koo na chombo alichoshika vina uzito kuliko chupa iliyo kwenye mashine yangu. Inaniuma kidogo kusema hivyo, lakini ndivyo.

Dawa za maumivu za nyumbani ndizo zinazonifanya nipige simu kwa wazazi. Kodeini marufuku. Mwaka 2009 madaktari wa Kanada waliandika habari ya mtoto wa miaka 2 aliyefariki baada ya kukatwa mafindofindo na kupewa kodeini ya kawaida. Mwili wake uliigeuza kuwa mofini kwa kasi isiyo ya kawaida. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa onyo kali. Watu wenye miili ya namna hiyo wapo kila mahali, ila Ethiopia, si mbali na sisi, wamekutwa wengi kuliko sehemu nyingi za dunia. Tramadoli nayo ilikatazwa Marekani mwaka 2017 kwa yeyote aliye chini ya miaka 18 aliyekatwa mafindofindo. Hapa kwetu nimeikuta kwenye mkoba wa mama, amepewa na jirani mwenye mgongo.

Aspirini hapana. Ibuprofeni ni mjadala. Chama cha madaktari wa masikio, pua na koo cha Marekani, katika mwongozo wa mwaka 2019, kinaikubali. Mwaka huohuo utafiti wa watoto 741 uliilinganisha na parasetamoli: waliorudishwa thieta kwa damu walikuwa asilimia 2.9 kwa ibuprofeni na 1.2 kwa parasetamoli, na watafiti wakasema hawawezi kuapa kwamba ibuprofeni haina hatari zaidi. Msimamo wangu ni parasetamoli kwa saa maalumu, si mpaka alie, na ibuprofeni kwa yule ambaye maumivu yanamzuia kunywa maji, kwa sababu koo kavu nalo halina faida. Diklofenaki ya duka la dawa, iliyokatwa nusu kwa kisu cha jikoni, iacheni.

Sasa ile nusu kaputi ya pili.

Damu huja kwa vipindi viwili. Cha kwanza ni ndani ya saa 24, na ndani yake saa za mwanzo ndizo mbaya. Cha pili ni kati ya siku ya 5 na ya 10, ule utando mweupe unaofunika kidonda unapobanduka. Wazazi huuona utando ule wakadhani ni usaha. Si usaha, ni kidonda kinapona. Mtoto anayevuja usiku si lazima ateme damu. Tazama koo lake akiwa amelala: likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, anameza kitu ambacho si mate. Baadaye anatapika vitu vyeusi kama machicha ya kahawa, na mama anasema ameshinda tumbo lilimsumbua.

Mtoto huyo akirudi kwangu, kila kilichokuwa rahisi asubuhi kimegeuka. Hajafunga kula, kwa sababu tumbo limejaa damu. Koo limevimba. Kila nikinyonya panajaa tena, na mashine ya kunyonya inategemea umeme ambao hatuna mkataba nao, kwa hiyo ile ya kukanyaga kwa mguu iwe karibu. Amepungukiwa maji na damu, na amechoka na sisi, hataki kuona maski.

Mtu anayekimbilia kumlaza hapo anaweza kumpoteza mezani, kwa kuwa dawa za usingizi huondoa ule ukakamavu wa mishipa uliokuwa umeshikilia presha. Kwanza dripu, kiasi cha mililita 10 kwa kila kilo, uangalie mapigo, uongeze. Kundi la damu linajulikana kwa sababu tulipima kabla ya upasuaji wa kwanza. Damu inaletwa. Mashine mbili za kunyonya, si moja. Mipira ya saizi ya asubuhi na ya saizi ndogo zaidi. Daktari wa koo amesimama ameshavaa, si yuko njiani.

Kulikuwa na shule mbili za namna ya kumlaza. Wazee walimlaza ubavu, kichwa chini, wakampa gesi taratibu akiendelea kupumua mwenyewe. Siku hizi wengi wetu tunamvutisha oksijeni, kisha dawa ya mshipani na ya kulegeza misuli kwa haraka, mpira unaingia ndani ya dakika moja. Nafuata hii ya pili, kwa sababu ndiyo ninayoifanya kila wiki kwa wagonjwa wengine wa dharura, na usiku si wakati wa kufanya usilolizoea. Na dawa ya mshipani hapo ndipo ketamini inapopata zamu yake. Asubuhi niliikwepa: inaongeza mate, inaacha koo likiwa na hasira, na koo lenye hasira hujifunga. Usiku, kwa mtoto aliyepoteza damu, ndiyo inayoshika presha vizuri kuliko propofoli. Dozi naipunguza. Damu ikishazibwa, napitisha mpira mnene tumboni nitoe iliyomezwa, maana isipotolewa ataitapika yote akiamka na kukipiga kidonda kipya.

Kwa hiyo mzazi akiniuliza dawa gani, namrudishia maswali yake mwenyewe ya kuuliza. Usiku nani anakaa na mtoto wodini? Daktari wa koo analala wapi? Damu ya kundi lake ipo? Siku ya 7 nyinyi mtakuwa wapi?

Hilo la mwisho ndilo hukwama. Mama mmoja kutoka Ukerewe alikuwa ameshapanga kupanda meli ya Nansio siku ya 3. Mtoto alikuwa anacheza, anakula ugali na sato kama kawaida, na kweli chakula cha kawaida hakimdhuru, tafiti hazijaonyesha kwamba kumnyima vigumu kunazuia damu. Kwa macho alikuwa amepona. Nilimweleza habari za utando, siku ya 5 hadi ya 10, saa 8 za usiku kisiwani, na ziwa katikati. Alinisikiliza, akaniambia mwalimu wa mtoto hataelewa na mume wake hataelewa zaidi, maana ruhusa aliyompa ni ya siku nne. Alikubali kukaa Igoma, Mwanza, kwa mdogo wake mpaka siku ya 10 ipite, kwa sharti kwamba niandike barua mbili, ya mwalimu na ya mume. Ya mume alitaka iwe na muhuri.